Diski Isiyo na Uso wa Wifi

Kwa miaka thelathini na moja Bi Masjala alifanya kazi katika chumba cha mafaili cha hospitali, chumba cha chini chenye dirisha moja linalotazama matairi ya magari, na katika miaka yote hiyo hakuna faili la mgonjwa lililopotea mikononi mwake. Anayebisha alete ushahidi. Chumba kile huitwa masjala, na jina likamganda mwenyewe, hata siku akiitwa benki kwa jina alilopewa na wazazi wake hukaa kimya akidhani anaitwa mwingine. Madaktari walikuwa wakimwogopa. Daktari bingwa mzima, na miwani yake ya bei, aliwahi kusimamishwa kaunta kama mwanafunzi aliyechelewa, kwa kosa la kutaka kuondoka na faili bila kusaini.

Alipostaafu walimpa keki na saa ya ukutani. Keki iliisha siku hiyohiyo. Saa ikabaki sebuleni kumwambia kila asubuhi kwamba saa mbili imefika na hakuna anayemsubiri.

Kilichomwokoa ni kabati la marehemu mama yake. Mwaka na kitu baada ya mazishi lilitolewa nyumbani kwa mdogo wake wa kiume, alikokuwa akiuguzwa Mama, likaletwa kwake kwa maelezo kwamba linajaza nafasi. Ndani mlikuwa na maisha ya ukoo mzima yamerundikwa kama nguo za kufua: kaseti za video, kanda za redio, albamu zilizogandana kurasa, bahasha za negativu za filamu, kamera mbili mbovu na simu tano zilizokufa. Bi Masjala alitazama, damu ikamchemka. Hivi kweli watu wazima na akili zao wanaweza kuweka picha za harusi, picha za mazishi na risiti ya friji ndani ya bahasha moja?

Mdogo wake ni meneja wa ghala la vifaa vya ujenzi, na hupenda kuitwa Meneja hata na ndugu zake wa damu. Alimletea kompyuta iliyokuwa imechokwa huko ghalani. "Chukua, Dada," alisema. "Uchezee na hizo picha, usikae bure." Uchezee. Bi Masjala alilimeza neno hilo, lakini halikushuka.

Mama mwenye duka la kuchapisha, barabara ya pili, ndiye aliyemwekea programu ya kupanga picha na kumfundisha kwa asubuhi tatu. Ukiingiza picha au video, programu inaipa namba na tarehe. Ukiionyesha uso mmoja ukaiambia huyu ni fulani, inakwenda yenyewe kumtafuta fulani huyo katika maelfu ya picha, kisha inakuletea hesabu: yuko mara ngapi, yuko na nani. Kila mwisho wa juma inanakili kila kitu kwenye diski ya pembeni. Tena mama wa duka akampa kanuni ya watu wa kompyuta: nakala ziwe tatu, moja kwenye mashine, moja kwenye diski ndani ya nyumba, na moja nje kabisa, ili nyumba ikiungua kitu kibaki.

"Aliyetunga hiyo kanuni ni karani mwenzangu," alisema Bi Masjala. "Mtu mwingine hawazi hivyo."

Akafungua na daftari. Safu tano: tarehe, namba ya picha, jina la anayeazima, sababu ya kuazima, saini. Ndugu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nani amesikia mtu anasaini ili aazime picha ya harusi yake mwenyewe? Cheka unavyotaka, kwa Bi Masjala utasaini, na mahali pa sababu hupaachi wazi. Mjomba mmoja aliandika: "Kuhakikisha kama kweli niliwahi kuwa na nywele." Binamu mmoja mwenye maringo aliandika: "Ninazijua mwenyewe." Huyo alirudishiwa daftari aandike upya.

Sasa hapa lazima wifi aelezwe, maana bila wifi hakuna kisa.

Meneja alikuwa na mke. Walikaa pamoja miaka kumi na miwili. Mke huyo alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani kwao, na kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto alivaa kimto chekundu cha kuchomekea pini, kilichofungwa kwa lastiki. Hakivui. Hata sokoni anaenda nacho, na watu walimtania kwamba atazikwa nacho. Miaka sita kabla ya kufa kwake Mama alipata kiharusi, upande wote wa kushoto ukalala, akahamishiwa kwa mwanawe wa kiume. Tuseme ukweli: alihamishiwa kwa mkwewe. Meneja alikuwa ghalani. Bi Masjala alikuwa masjala. Aliyemgeuza mgonjwa ubavu kila baada ya saa mbili, akamwogesha, akamlisha, akamchana nywele, kisha akarudi mbio kumalizia sare za shule za watoto wa watu, alikuwa mmoja tu.

Wanasema mawifi hawaivi chungu kimoja. Hawa wawili waliiva, kwa namna yao. Bi Masjala hakuwahi kumtukana, na hakuwahi kumsaidia. Alichofanya ni kudai ushahidi. "Kila asubuhi tutumie picha," alimwagiza, "tuone Mama amekula." Kwa hiyo kila siku ya Mungu, saa mbili asubuhi, picha iliingia katika kundi la familia: Mama na kikombe chake. Bi Masjala aliitazama, akaona kikombe, akaandika "sawa," akaendelea na mafaili yake.

Mama akafa. Mwaka haujaisha, Meneja akamwacha mkewe. Sababu? Eti hawaelewani. Miaka sita mmoja yuko ghalani na mwingine anafua mashuka ya mgonjwa, huo muda wa kutoelewana waliupata wapi? Wengine walinong'ona kwamba ni kwa sababu hawakujaliwa mtoto. Vyovyote vile, mwanamke alitoka na cherehani yake na begi moja. Hata simu aliyopigia zile picha alidaiwa, kwa kuwa ilinunuliwa na Meneja, na Meneja mwenyewe baada ya kuipokea hakuitumia hata siku moja. Aliitupa kwenye kabati la Mama. Asante ya punda ni mateke, lakini hata punda angeona haya kwa hayo.

Bi Masjala aliikuta simu hiyo kati ya zile tano. Alihangaika nayo juma zima mpaka mama wa duka akapata chaja inayoingia, ikawaka, na picha zote zilikuwemo. Akaziingiza kwenye programu kwa mkupuo. Asubuhi moja, chai ikiwa inapoa pembeni, akaiuliza programu swali la kawaida kabisa: miaka sita ya mwisho, Mama yuko na nani?

Programu haijui aibu, ikajibu. Mama na wifi: picha mia sita kumi na moja. Mama peke yake: elfu moja mia tisa arobaini. Mama na Bi Masjala: kumi na nne. Mama na Meneja: tisa, na katika saba kati ya hizo Meneja amevaa shati lilelile, yaani zote zilipigwa siku moja.

Bi Masjala aliudhika na mashine. Akairudisha nyuma, akahesabu upya kwa kidole, picha moja moja, kama alivyokuwa akiwahesabia wakaguzi. Kumi na nne ilibaki kumi na nne. Katika moja yuko mlangoni, mkoba begani, anaaga. Katika nyingine ameegemea kitanda, mkoba uleule begani. Miaka sita, na mkoba hakuuweka chini. Alizima kompyuta, akaenda kufagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Siku ya Jumanne Meneja akatokea, viatu vinang'aa, hakukaa.

"Dada, Jumamosi namleta mchumba wangu akufahamu. Nataka aone picha za familia. Za Mama hasa."

"Karibuni. Picha zipo, zimepangwa."

"Ndiyo maana nimekuja mapema. Sitaki aone uso wa yule mwanamke."

"Yule mwanamke alikuwa mkeo miaka kumi na miwili. Kwangu mimi ni wifi."

"Alikuwa," alisema Meneja. "Jamaa wa kompyuta pale kazini ameniambia hizo programu ni rahisi. Unachagua uso, unabonyeza, picha zake zote zinafutika. Dakika mbili. Ufute kwenye kompyuta na kwenye ile diski ya kabatini. Sitaki kusikia miaka ijayo kwamba kuna nakala mahali."

Bi Masjala alihisi joto likimpanda kutoka kwenye nyayo. "Sikiliza, mdogo wangu. Mgonjwa akihama, faili lake halichanwi. Linafungwa, linawekwa kabatini, na linakaa. Akifa, halichanwi. Hata akiwa mwizi, halichanwi. Miaka thelathini na moja sijachana faili la mtu, nikaanze leo kwa sababu wewe umepata mchumba?"

"Hii sio hospitali. Na kompyuta niliinunua mimi."

"Uliitupa. Mimi niliiokota."

"Basi nipe na kompyuta na diski, nimpelekee jamaa, nusu saa kamaliza. Na akikosea akafuta na zingine, usinilaumu." Akanyoosha mkono, kabisa, kama mtu anayedai ufunguo wa gari lake. Ukimjua Meneja unajua hatanii. Huyu ni mtu aliyewahi kurudi dukani na soksi ili arudishiwe pesa.

Kwa hiyo Bi Masjala alifanya jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka hujiuma mdomo. Alirudi nyuma. Alimwambia amwachie mpaka Jumamosi, atamtengenezea diski safi, isiyo na uso anaoukataa, na hizo nyingine wataziongea baadaye. Meneja akatabasamu, akampiga bega. "Si unaona? Uzee dawa." Akaondoka.

Hasira ya usiku huo tusiieleze. Asubuhi Bi Masjala aliweka nakala ya tatu, ile inayotakiwa kukaa nje ya nyumba, ndani ya kopo la biskuti, akabeba na daftari, akaenda kwa wifi.

Wifi alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya duka la viatu. Cherehani dirishani, vitambaa vya wateja vimekunjwa juu ya kitanda, na mwenyewe ameinama, kimto cha pini mkononi. Aliinuka, akafuta kiti kwa kanga, akamkaribisha vizuri tu, na huo uzuri wa mapokezi ndio uliomchoma Bi Masjala kuliko kama angetukanwa.

Alieleza yote: Meneja, mchumba, uso, diski. Akamkabidhi kopo. "Nataka hii ikae kwako. Ndani yake mpo wote."

"Wifi, mimi sina kompyuta."

"Sijakuambia uitazame. Nimekuambia uitunze."

Wifi alilipima kopo mkononi. "Kwa hiyo mmenikumbuka tena kwa sababu kuna cha kutunza," alisema. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayesoma kipimo cha kiuno.

Bi Masjala alitoa kalamu. Alifungua daftari. Wifi akaandika jina, na mahali pa sababu akaandika neno moja, "Kutunza," akasaini.

"Na yeye mwache afute," aliongeza, akirudi kwenye cherehani. "Mimi najua nilichofanya, na Mama alijua."

"Mama amekufa," alisema Bi Masjala. "Mtoto huna kwetu. Ukifutwa mle umefutika, wifi. Hakuna wa kusema ulikuwepo." Alijisikia sauti inampanda. Alikuwa anamfokea mtu ambaye hakukosa lolote, na alijua, lakini mtu wa kufokewa hakuwepo.

Ijumaa alitengeneza ile diski. Alinakili mkusanyiko wote, akauchagua uso wa wifi, akabonyeza. Programu ikamuuliza kwa adabu: una uhakika? Vitu elfu moja mia moja arobaini na sita vitaondolewa. Hakuwa na uhakika. Akabonyeza. Mstari ukajaa, ukaisha, kimya. Na kwa sababu alikuwa na hasira, na kwa sababu alijiona mchafu, hakupitia kilichobaki. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kutoa faili bila kufunua kurasa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Jumamosi mchana wakaja. Mchumba alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtulivu, viatu bapa, muuguzi wa wodi ya wazee. Alimsalimia Bi Masjala kwa kuinama kidogo, akamwita wifi, akauliza kama anaweza kusaidia jikoni. Bi Masjala alikuwa amejiandaa kumchukia, na maandalizi yote yakaharibika.

Walikaa mbele ya televisheni, ile diski safi ikiwa imechomekwa. Picha zikaanza kupita, kila moja na tarehe yake pembeni: Meneja mchanga bila meno ya mbele, Bi Masjala na sare ya shule iliyomzidi, Mama akiwa na nguvu zake amebeba ndoo. Walicheka vizuri. Kisha yakaja mashimo. Meneja peke yake, suti ya kukodi, ua kifuani, amesimama kando ya gari lenye mapambo.

"Hapa ulikuwa unaenda wapi umependeza hivi?" aliuliza mchumba.

"Sherehe ya mtu," alisema Meneja.

Bi Masjala alikohoa kwenye kitambaa. Sherehe ya mtu, kweli.

Mchumba alimgeukia. Akamshika mkono. "Wifi, nilikuwa natafuta nafasi nikupe pole. Ameniambia Mama alivyoteseka mwishoni mikononi mwa yule mke. Kwamba alikuwa hampendi, hata chakula alikuwa anamnyima. Mimi nawaona wazee wa namna hiyo kazini, naujua uchungu wake."

Kwanza Bi Masjala hakuelewa. Halafu akaelewa. Kumbe huyu bwana hakutaka tu uso usionekane. Alikuwa ameshamuuzia mtu hadithi, na ule uso ndio ushahidi uliobaki dhidi yake. Na nani aliyemsaidia kuuficha? Karani wa miaka thelathini na moja. Alifungua mdomo amsahihishe.

Kwenye televisheni picha ikabadilika.

Mama, kitandani, mito mitatu mgongoni, kitambaa cheupe chini ya kidevu. Mbele yake kikombe. Na kikombe kimeshikwa na mkono wa kushoto, unaoingia kutoka pembeni ya picha, wenye kimto chekundu cha pini kwenye kifundo.

Ikaja nyingine. Mama, kikombe, mkono. Nyingine. Gauni limebadilika, mkono uleule. Programu ilikuwa imeondoa kila uso wa wifi kama ilivyoamriwa, na haikukosea hata mmoja. Lakini ni programu ya nyuso. Mtu anayemlisha mgonjwa kwa mkono mmoja na kupiga picha kwa mwingine, ili wifi yake aliyekaa ofisini aridhike, uso wake hauingii kwenye picha. Zile picha elfu moja mia tisa arobaini za "Mama peke yake," hakuna hata moja ambayo Mama alikuwa peke yake. Na Bi Masjala alikuwa ametumiwa picha hizo kila asubuhi kwa miaka sita, akatazama kikombe.

"Huu mkono ni wa nani?" aliuliza mchumba.

Meneja alijikuna shingo. "Muuguzi. Nilimwajiri muuguzi."

Mchumba alitazama picha tatu nyingine kabla ya kusema. "Mimi ni muuguzi," alisema polepole. "Muuguzi gani anamlisha mgonjwa wa kiharusi na pini mkononi? Angefukuzwa siku ya kwanza. Huyu ni fundi cherehani." Akasogea karibu na televisheni. "Na anaijua kazi kuliko nusu ya wenzangu. Tazama, kikombe kiko upande wa kulia, upande unaofanya kazi, asipaliwe. Mkono uliopooza ameuwekea mto. Shuka safi, nywele zimechanwa." Akatazama nyingine. "Hizi ni tarehe za miaka sita. Mgonjwa aliyelala miaka sita hawi na ngozi hii bila mtu kumgeuza usiku na mchana. Aliyenyimwa chakula hafanani hivi."

"Zima hiyo, Dada," alisema Meneja.

"Sizimi." Bi Masjala alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. "Huo ni mkono wa wifi yangu. Mkono wa mke wa huyu bwana. Muuguzi hakuajiriwa kwake hata wa siku moja. Huyo ndiye aliyemuuguza mama yetu, peke yake, huku mimi nikimdai picha kama vile nampa mshahara. Ukitaka kujua mimi nilikuja mara ngapi, mashine inasema kumi na nne. Huyu yumo mara tisa, na alikuwa anaishi humohumo. Nilimfuta jana kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu nilimwogopa mdogo wangu. Umesikia? Niliogopa, mtu mzima mimi. Lakini alipomnyima Mama chakula sijui ni lini, maana chakula chote Mama alichokula kilipita kwenye mkono huo hapo."

Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humfichua. Meneja alitazama saa yake, kisha ile ya ukutani, kama vile moja kati yao ingemtetea. Akaanza kusema kwamba mambo ya ndoa yana pande mbili, kwamba Dada amechanganya, kwamba wangezungumzia nyumbani.

Mchumba hakumfokea. Alimtazama tu, mtazamo wa mtu anayesoma joto la mgonjwa. "Nikikuuguza wewe," alimuuliza, "halafu ukanichoka, na mimi nitabaki mkono?"

Picha ziliendelea kupita nyuma yake. Hakuna aliyezizima. Meneja alichukua funguo, akasema atasubiri kwenye gari, akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu autwae umeneja aliusahau mlango wazi.

Mchumba alibaki amesimama. "Wifi," alisema, "ipo diski nyingine? Yenye uso wake?"

"Ipo."

"Naomba niazime."

Bi Masjala aliitoa kabatini ile diski nyeusi ya nakala za kila juma, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo, akaiweka mezani. Halafu, hasira zote zile kifuani, bado akakumbuka utaratibu. Alifungua daftari, akampa kalamu. Mchumba aliandika tarehe, akaandika namba, akaandika jina lake. Alipofika kwenye sababu alisita, akatazama nje, gari lilikokuwa likinguruma.

"Hapa lazima niandike?"

"Lazima," alisema Bi Masjala. "Hata daktari bingwa aliandika."

Mwanamke yule aliinama, akaandika bila haraka, akasaini, akaifunga diski ndani ya mtandio wake na kutoka. Hakuelekea upande wa gari. Bi Masjala aliligeuza daftari asome, maana kusoma ni kazi yake. Safu ya nne ilisema: "Kuijua nyumba ninayotaka kuingia."